Makala moja imenukuliwa mara 212, nyingine mara 4. Ile ya 4 ndiyo iliyorudisha muhogo shambani kwetu Newala. Naomba kueleweshwa

#1 Kitangari Juu
Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu ni mtafiti wa baiolojia ya molekuli, kazi yake ni virusi vya mihogo. Kwetu Kitangari ndiye wa kwanza katika ukoo kufika shahada ya uzamivu. Wiki iliyopita aliitwa kwenye kikao cha kupandishwa cheo huko anakofanya kazi (sitapataja). Amerudi nyumbani kimya. Tulipokuwa tunakula akanifungulia Google Scholar, ukurasa wa Google unaoorodhesha makala za watafiti na nukuu zake, kwenye simu yake akaniambia, "Kaka, walichotazama ni hiki tu. Dakika kumi, wakafunga faili."

Ana makala 14. Nimeziandika nukuu zake kwenye daftari kama zilivyo, kuanzia kubwa: 212, 61, 40, 22, 19, 15, 12, 9, 8, 4, 3, 1, 0, 0.

Hiyo ya 212 inahusu namna ya kupima kwa mkupuo mmoja virusi viwili vya michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ndani. Yeye ni mwandishi wa tano kati ya kumi na tisa. Hiyo ya 4 ni ya kwake, jina lake liko mbele. Alizunguka misimu mitatu na pikipiki Newala na Tandahimba, anachuma majani kwenye mashamba ya watu, anayapima, kisha anarudi kwa mkulima kumwonyesha mistari ya kung'oa na mistari ya kuchukulia pingili. Shamba la mama yetu tulikuwa tunachimba muhogo mnene, unapendeza, ukiukata ndani kahawia tupu, mkavu kama kizibo cha chupa. Leo mama anauza makopa.

Swali langu: inakuwaje kazi iliyolisha watu ihesabiwe 4, na ile aliyoshika pembeni ihesabiwe 212? Na wale wa kikao walikuwa wanapima nini hasa?

#2 Shangani Mashariki
Mkuu, hongera kwa mdogo wako. Kwa sisi tulioishia kidato cha nne, nukuu ni nini? Anayenukuu ni nani?

#3 Mpima Jeli
Mtafiti akiandika makala, mwishoni anaorodhesha kazi za wenzake alizozitegemea. Kila kazi yako inapotajwa kwenye orodha ya mtu mwingine, umepata nukuu moja. Kompyuta zinapita zinahesabu. Ndiyo hizo 212.

Nimefanya kazi maabara miaka tisa, nitarudi na jibu refu. Nina sampuli kwenye mashine.

#4 Chikongola
Kwa orodha hiyo indeksi ya h yake ni 9. Ni kipimo kilichotungwa na Google, wanakiangalia vyuo vyote siku hizi. 9 si mbaya kwa mtu wa huku kwetu.

#5 Mwanafunzi wa Mbali
Chikongola, mawili hapo si sahihi.

Kwanza, indeksi ya h haikutungwa na Google. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Google Scholar yenyewe ilianza 2004, ikaja kukichukua kipimo hicho baadaye.

Pili, hesabu. Unapanga makala kutoka yenye nukuu nyingi kushuka, unahesabu nafasi; h ni nafasi ya mwisho ambayo nukuu za makala yake hazipungui namba ya nafasi yenyewe. Nafasi ya nane ina nukuu 9, inatosha. Nafasi ya tisa ina nukuu 8, haitoshi, kwa sababu ingetakiwa angalau 9. Kwa hiyo h yake ni 8. Tazama kitu hiki lakini: ile makala ya 212 ingekuwa na nukuu 2,000, h ingebaki 8 ileile. Na ile ya 4 ingefika 9, h ingepanda ikawa 9. Yaani nukuu tano tu kwenye kazi ya Newala zina uzito kuliko elfu mbili kwenye ile nyingine.

#6 Chikongola
Nimekubali, nilihesabu haraka. Asante mkuu.

#7 Mpima Jeli
Nimerudi. Mleta uzi, makala ya 212 imenukuliwa sana kwa sababu ni ya mbinu.

Virusi vya michirizi kahawia hubeba urithi wao kwenye RNA, ndugu wa DNA, na RNA huoza upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Unachukua jani, na kwa ugonjwa huu ni la chini, lililokomaa, si changa kama la batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Unalisaga kwenye kinu kidogo cha kauri pamoja na naitrojeni ya kimiminika, moshi mweupe unatoka, jani linavunjika kama kioo. Ukigusa bila glovu umeharibu. Unageuza RNA kuwa DNA, unaizidisha kwa PCR, yaani mashine inainakili mara nyingi, unaiweka kwenye jeli inayotenganisha vipande vyake. Baada ya saa nzima unawasha taa ya urujuanimno: ama kuna mstari unang'aa ama hakuna. Sasa mtu akikuletea njia inayokuonyesha virusi viwili kwa jaribio moja, amekuokolea nusu ya gharama. Kila maabara ya Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji ikiitumia, lazima imtaje.

Ndivyo ilivyo dunia nzima. Mwaka 2014 jarida la Nature lilitoa orodha ya makala 100 zilizonukuliwa kuliko zote. Ya kwanza ni ya Oliver Lowry na wenzake, mwaka 1951, kuhusu namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika. Nukuu zaidi ya 300,000. Makala ya Watson na Crick ya 1953, ile iliyoonyesha umbo la DNA, haikuingia hata kwenye mia hizo.

#8 Shangani Mashariki
Kwa hiyo aliyetengeneza mizani anatajwa kuliko aliyevuna?

#9 Mpima Jeli
Umenielewa vizuri kuliko wanafunzi wangu.

#10 Mama Nanyamba
Jamani mimi si msomi, simu hii ni ya mwanangu, lakini suala hili nimeliona na macho yangu.

Walikuja mabinti wawili na sanduku la barafu. Walichuma majani ya chini, kila jani bahasha yake na namba yake. Nikawaambia wanangu, majani ya juu ndiyo mazuri, wakacheka, wakasema mama ugonjwa huu unajificha chini. Baada ya wiki kadhaa wakarudi na karatasi, wakaniambia ng'oa mstari wa tatu na wa saba wote. Nilikataa. Muhogo wenyewe umesimama, majani ya kijani, ng'oa? Yule binti mdogo akaniomba kisu, akachimba shina moja la mstari wa saba, akalikata palepale mbele yangu. Ndani kahawia. Akachimba la mstari wa nane, jeupe.

Nikang'oa mwenyewe kwa mikono yangu. Msimu uliofuata niligawa pingili kwa majirani watano.

Kitangari Juu, kama yule binti ni mdogo wako, mwambie mama wa mstari wa saba anamsalimia. Mimi sijui kuandika kwenye hayo majarida, ningejua ningemtaja.

#11 Kitangari Juu
Mama shikamoo. Nimemsomea ujumbe wako kwenye simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mstari wa saba, upande wa mkorosho mkubwa." Anakukumbuka.

#12 Mama Nanyamba
Marahaba mwanangu. Mkorosho bado upo.

#13 Mhasibu wa AMCOS
Naomba niwe upande wa pili kidogo, msinichukie.

Sisi kwenye ushirika wa korosho tunapima unyevu, tunapanga daraja, tunaandika stakabadhi. Hakuna anayemuuliza mkulima aliamka saa ngapi au alipuliza salfa mara ngapi. Si kwa kumdharau. Ni kwa sababu ghalani wanaingia watu elfu kadhaa na mnunuzi hawajui. Kikao cha kupandisha cheo kina mtu wa fizikia, mtu wa historia, mtu wa uhasibu kama mimi. Hawawezi kusoma makala ya virusi wakaielewa. Wanahitaji mizani. Mkiondoa mizani, watapandishana kwa kujuana, na hilo tunalijua lilivyo.

#14 Mwanafunzi wa Mbali
Mhasibu, hoja yako ina nguvu, lakini mizani ya korosho huwezi kuikanyaga kwa siri. Hii inakanyagwa. Kuna wanaojinukuu wenyewe, kuna vikundi vya kunukuuana, kuna viwanda vya kuuza makala bandia. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani. Zote zilikuwa zimeshahesabiwa kwa mtu fulani.

Na wenye fani yenyewe walishalisema. Desemba 2012, kwenye mkutano wa chama cha wanabaiolojia wa seli wa Marekani, San Francisco, watafiti na wahariri waliandika azimio linaloitwa DORA: mtu asipimwe kwa hadhi ya jarida alimochapisha, isomwe kazi yenyewe. Mambo haya yalitoka kwa watu wa seli na molekuli wenyewe.

Mleta uzi, swali gumu kidogo: kati ya hizo 4, ngapi ni zake mwenyewe?

#15 Kitangari Juu
Nimemuuliza. Mbili. Amesema moja alikuwa anaendeleza kazi ileile, asingeweza kuacha kuitaja.

#16 Mwanafunzi wa Mbali
Hiyo ni halali kabisa, hana kosa. Nilitaka picha kamili tu.

#17 Mzee wa Lulindi
Vijana, nimewasoma wote. Mnasahau kwamba makala iliyotajwa sana kuhusu huku kwetu haihusu muhogo wala korosho. Inahusu chikungunya, homa ya viungo inayoenezwa na mbu. Ugonjwa ule uligunduliwa hapa Makonde mwaka 1955 na jina lake ni la Kiswahili. Mama yangu aliugua. Alikuwa anasimulia kwamba watu walitembea wameinama kama wanaotafuta sindano, wengine walishikwa njiani wakaketi chini hawawezi kuinuka. Hakuna aliyejua ni nini. Leo Wazungu, Wahindi, Wabrazili wanaandika jina lile kila siku.

#18 Mwalimu Mstaafu Masasi
Shikamoo mzee. Niruhusu nirekebishe kidogo.

Mlipuko ulikuwa 1952 na 1953. Virusi vyenyewe vilitengwa 1953 kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Mwaka 1955 ndio makala za kwanza zilichapishwa: ya Marion Robinson kuhusu dalili, na ya W. H. R. Lumsden kuhusu namna ugonjwa ulivyosambaa. Ya R. W. Ross kuhusu kirusi ikafuata 1956. Tatu kwa pamoja, zote zinazungumzia wilaya ya Newala na majirani zake.

Na neno si la Kiswahili. Ni Kimakonde, kutoka kitenzi kungunyala, kujikunja, kukunjamana. Vitabu vingi vya nje viliandika Kiswahili na bado vinanakiliana kosa hilo. Mtu ananukuu bila kusoma chanzo, wa pili anamnukuu wa kwanza. Hata hilo lina uhusiano na uzi huu: nukuu nyingi si ushahidi kwamba makala ilisomwa.

#19 Mzee wa Lulindi
Marahaba mwalimu. Kimakonde nakijua nimezaliwa nacho, ni mkono tu uliandika Kiswahili. Mwaka nimeupokea.

#20 Mwera wa Nyangao
Watani zangu Wamakonde mnajua kujitangaza! Wengine wanatafuta umaarufu kwa mpira na muziki, nyie mmeipa dunia nzima homa. Na mnataka mnukuliwe juu yake.

#21 Mzee wa Lulindi
Mtani, ninyi Wamwera mlikuwa mnakimbilia bondeni kwenye maji, mbu wakatuona sisi tuliobaki juu. Siku ya msiba wako nitakuja na mtungi mtupu.

#22 Mpima Jeli
Mtungi una maana yake mzee. Uwanda wa Makonde hauna mito, maji yalikuwa yanachotwa mbali na kuwekwa ndani ya nyumba siku nyingi. Mbu Aedes aegypti huzaliana hapohapo, kwenye maji safi yaliyosimama karibu na watu.

Sasa tazameni safari ya zile makala tatu. Kwa miaka mingi zilikuwa za watu wachache waliobobea. Mwaka 2002 jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya kirusi kilichotoka kwa mgonjwa wa 1953, wanakiita S27, ilisomwa yote, herufi karibu 11,800. Mwaka 2004 ukalipuka Lamu, 2005 Komoro, halafu kisiwa cha Réunion 2005 na 2006: wagonjwa karibu 266,000, theluthi ya watu wote wa kisiwa. Wanamolekuli wakagundua badiliko dogo kwenye protini ya ganda, E1, mahali pa 226: tofali moja la protini, alanini, limebadilika kuwa jingine, valini. Badiliko hilo moja likakifanya kirusi kikae vizuri ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, anayestahimili hata nchi za baridi. Makala zikamiminika, na nyingi zinaanza na sentensi ileile: ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika. Robinson, Lumsden na Ross wakaanza kutajwa upya, nusu karne baadaye.

Kwa hiyo Kitangari Juu, maelezo yangu ya pili: makala inaweza kulala. Ya mdogo wako huenda imelala tu.

#23 Nesi wa Kusini
Mpima Jeli, sikubaliani na neno kulala. Makala haikulala, wasomaji ndio hawakuwa wameguswa. Ilipougua Réunion, ambayo ni ardhi ya Ufaransa, ndipo fedha za utafiti zikaongezeka. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Hesabuni kutoka 1953. Miaka sabini.

Na nina langu. Zamu moja tulipokea wagonjwa wa homa na maumivu ya viungo, vipimo vya malaria hasi. Nikakumbuka hadithi za bibi yangu, nikatafuta makala mtandaoni nijue tofauti na dengi. Nimefungua ya kwanza, inataka dola. Ya pili, dola. Ilikuwa saa nane usiku, mgonjwa analia, mimi naangalia muhtasari wa mistari kumi. Ugonjwa umepewa jina kwa lugha ya bibi yangu na mimi nimefungiwa mlango nisisome.

Makala ya dada yetu iko wazi au imefungwa? Kama imefungwa, hiyo ndiyo sababu ya 4.

#24 Kitangari Juu
Imefungwa. Kulipia iwe wazi walitaka fedha ambazo mradi ulikuwa umeshamaliza. Ile ya 212 iko wazi, ililipiwa na washirika wa nje.

#25 Mwanafunzi wa Mbali
Nesi, pole sana. Mambo mawili ya kusaidia: kuna mpango wa Hinari, ulianza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, taasisi za nchi kama yetu zinasoma majarida mengi bure. Ulizia kama hospitali yako imesajiliwa. La pili, mwandikie mwandishi barua pepe. Wengi wanakutumia PDF siku hiyohiyo na wanafurahi.

Lakini kufungwa peke yake hakutoshi kuwa sababu. Zipo zilizofungwa zina maelfu ya nukuu. Mimi naona suala ni jina la mahali. Kwenye kichwa cha makala ukiandika "Newala" mhariri anaona jambo dogo la kijijini. Ukiandika "Afrika Mashariki" inakuwa kubwa. Nimeshauriwa hivyo mara mbili na wasimamizi wangu, nikaondoa jina la wilaya yangu. Hadi leo linaniuma.

#26 Kilwa Kivinje
Kwa kuwa mmefika kwenye majina ya mahali, niwakumbushe Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, mababu zetu wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Tani zaidi ya 200. Mnyama mkubwa kabisa amesimama Berlin hadi leo, kimo zaidi ya mita 13. Makala zilizotoka humo hazihesabiki.

Msimamizi wa kazi pale alikuwa Boheti bin Amrani. Alijua kuitoa mifupa kwenye mwamba bila kuivunja kuliko yeyote. Kwenye makala hakuwa mwandishi. Mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia.

#27 Chikongola
Dinosaria tena? Tulianza na muhogo. Lakini endelea mkuu, hilo la Boheti sikulijua na nimezaliwa Lindi.

#28 Mwera wa Nyangao
Hapo hakuna utani. Babu wa mke wangu alikuwa anasema babu yake alibeba.

#29 Mtunza Mbegu
Turudi kwenye muhogo basi, maana habari ya Boheti ipo hata huku.

Michirizi kahawia ilielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, kituo cha Amani, Tanga. Pale Amani walichanganya muhogo na ndugu yake wa porini anayetoa mpira, Manihot glaziovii, kutafuta ukinzani. Kituo kikaja kubadilishiwa kazi, mbegu zikatawanyika. Wakulima wa kusini wakabaki na mbegu waliyoiita Namikonga. Ugonjwa unapita, Namikonga inasimama. Pwani ya Kenya ipo mbegu wanaiita Kaleso, na vipimo vya DNA vimeonyesha ni hiyohiyo.

Mwaka 2016 kwenye jarida la Nature Biotechnology ilitoka kazi kubwa ya jenomu za mihogo, na vipande vya yule ndugu wa porini vikaonekana wazi ndani ya mbegu zenye asili ya Amani. Mwaka 2017 kwenye Theoretical and Applied Genetics watafiti walichambua watoto wa Namikonga na Albert, mbegu mbili za wakulima wa Tanzania, wakaonyesha sehemu za kromosomu zinazobeba ukinzani. Ni kazi nzuri, na wamesema wazi kwamba ni mbegu za wakulima.

Ila jiulizeni nani aliitunza Namikonga miaka yote hiyo, anakata pingili, anapanda, anampa shemeji, anampa jirani. Hakuna kompyuta inayopita kumhesabu.

#30 Mama Nanyamba
Namikonga tunaijua. Inachelewa lakini ndani ni nyeupe. Mama mkwe alinipa siku ya pili baada ya kuolewa.

#31 Mhasibu wa AMCOS
Mtunza Mbegu umenifikirisha. Basi niulize kama mhasibu: kama nukuu haitoshi, tuhesabu nini? Ekari? Wakulima waliong'oa mistari? Maana kikao kitataka karatasi.

#32 Mpima Jeli
Ekari si mbaya, lakini nazo zinadanganya. Shamba la Mama Nanyamba limepona kwa pingili, au mvua ilikuwa nzuri, au nzi weupe wanaosambaza virusi walipungua mwaka ule? Mimi mtu wa maabara nisingetia saini bila shamba la kulinganisha.

#33 Nesi wa Kusini
Mama alikatiwa mihogo miwili mbele yake, mstari wa saba na wa nane. Huo si ulinganisho?

#34 Mpima Jeli
Kwa mama ni ulinganisho tosha. Kwa mhariri ni mashina mawili. Nesi, nakuelewa, sikatai alichokiona.

#35 Mwalimu Mstaafu Masasi
Niongeze kimoja ambacho hakijatajwa. Mtafiti Katalin Karikó alishushwa cheo chuoni kwake Marekani mwaka 1995 akihangaika na RNA. Makala yake na Drew Weissman ya 2005 haikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 2023 wakapata Nobeli, baada ya chanjo za UVIKO kujengwa juu yake. Sisemi dada yetu atapata Nobeli. Nasema vikao hukosea, na huyu mama aliendelea kwenda maabara.

#36 Kitangari Juu
Nimesoma yote, mengine nimemsomea yeye.

Kuna jambo ameniambia leo ambalo hakuna aliyelitaja. Kabla ya kuolewa aliandika kwa jina la baba. Baadaye akatumia la mume. Kwenye Google Scholar ni watu wawili. Tumetafuta pamoja usiku huu: kazi ya shahada ya pili na makala mbili za mwanzo ziko chini ya jina la kwanza, na mojawapo ina nukuu 17. Kikao hakikuziona kabisa.

#37 Mwanafunzi wa Mbali
Kumbe! Basi h yake si 8, ni 9. Chikongola alibahatisha jibu kwa njia isiyo sahihi. Mwambie aziunganishe kwenye ukurasa wake, ni dakika chache, halafu ajisajili ORCID apate namba moja ya kudumu. Wanawake wengi limewakuta hili.

#38 Chikongola
Nilijua tu kuna 9 mahali.

#39 Nesi wa Kusini
Na ile makala ya Newala, atutumie PDF. Na kama ana nafasi aandike kurasa mbili za Kiswahili tubandike ofisi ya kijiji.

#40 Kitangari Juu
Anasema za Kiswahili zipo, alizigawa wakati ule, zenye picha za muhogo uliokatwa. Hazimo kwenye hesabu yoyote. Nitazipiga picha kesho niziweke hapa.

#41 Mama Nanyamba
Mwanangu, muulize dada. Shemeji yangu yuko Mahuta, mihogo yake imeanza ile kahawia. Anaweza kuja kuchukua pingili kwangu kabla ya mvua za Desemba, au mpaka zipimwe tena?

#42 Kitangari Juu
Anajibu: zipimwe tena, miaka imepita na nzi weupe hawalali. Atakuja mwenyewe Jumamosi na bahasha. Mwambie shemeji asikate kitu kwanza, na mistari aihesabu kuanzia upande wa mkorosho, kama mwanzo.